Weupe na Weusi Majumbani Mwetu



Mtoto anapozaliwa katika nyumba zetu za pwani, kabla hajatimiza siku saba akanyolewa na kupewa jina, huwa ameshatazamwa masikio. Bibi mmoja humfunua nguo, akatazama ncha za masikio na mizizi ya kucha, kisha akatoa hukumu yake: huyu atakuwa mweupe, au huyu atakuwa mweusi. Ikiwa ni ya kwanza, nyuso hukunjuka. Ikiwa ni ya pili, hatakosa mtu wa kusema kwa sauti ya kuliwaza kwamba si neno, maadamu ni mzima. Maneno hayo hayasemwi kwa nia mbaya, na aliyeyasema huyasahau papo hapo. Lakini mtoto akijaliwa kukua atayasikia tena: akiwa kando ya ndugu yake aliyemzidi weupe, akiwa darasani, na hasa siku ya posa, wazee wa upande wa pili watakapoulizana kwa kunong'ona, "Mwenyewe yukoje?"

Hilo ndilo tunalotaka kuzungumza nawe leo. Si ubaguzi wa Mzungu kwa Mwafrika, kwani huo twaujua na tumeulaani mara nyingi. Hili ni la ndani ya nyumba moja, la watoto wa baba mmoja na mama mmoja, la watu ambao mbele ya mgeni ni wa taifa moja, walakini wenyewe kwa wenyewe hupimana kwa kadiri ya weupe wao. Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelichunguza; sisi tuliite kupendelea weupe.

Twataka kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba kupendelea huku hakukuumbwa pamoja nasi. Kuna historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita katika soko la watumwa. La pili ni kwamba mwenye kutoa nasaha, awe shehe, kadhi, mwalimu wa madrasa, somo wa bibi harusi au mshauri wa hospitali, asipoijua historia hiyo, atakuwa kama mtu anayetibu jipu kwa kulipaka wanja.

NASAHA TATU ZA MTUME

Waarabu wa zama za ujahili walijifahari kwa nasaba, na mtoto wa kijakazi mweusi alikuwa na kazi ya kuthibitisha kwamba yeye pia ni mtu. Antara bin Shaddad, shujaa na mshairi mkubwa, mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, na inasimuliwa kwamba baba yake hakumkubali kuwa mwanawe mpaka alipoona upanga wake vitani. Katika mazingira kama hayo ndimo alimotumwa Mtume Muhammad (S.A.W.). Basi tutazame alivyowanasihi watu walipomjia na jambo la rangi.

Nasaha ya kwanza. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kwamba bedui mmoja alimjia Mtume akamweleza kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Alikuwa akidokeza tu, lakini maana yake ilikuwa wazi: alimshuku mkewe. Mtume hakumkaripia, wala hakumtaka aape. Alimwuliza kama ana ngamia. Akajibu kuwa anao. Akamwuliza rangi zao, akasema ni wekundu. Akamwuliza kama miongoni mwao hamna wa rangi ya kijivu, akakiri kuwa wamo. Akamwuliza hao wametoka wapi. Bedui akasema labda ni mshipa wa asili umewavuta. Hapo Mtume akamjulisha kuwa huenda mtoto wake naye amevutwa na mshipa. Wala hakumruhusu kumkana mtoto kwa sababu ya rangi peke yake.

Zingatia, msomaji, jinsi nasaha hii ilivyokwenda. Mtu alikuja na shaka iliyoweza kumwangamiza mwanamke, kumfanya mtoto asiwe na baba, na kuvunja nyumba. Mtume alimwuliza juu ya kitu ambacho bedui anakijua kuliko watu wote, nacho ni ngamia wake. Na jibu likatoka kinywani mwa bedui mwenyewe. Aliondoka na mkewe na mwanawe, tena bila ya kuaibishwa.

Nasaha ya pili. Bibi Fatima binti Qays, mwanamke wa Kikureshi, alipoachwa na eda yake ikaisha, aliposwa na Muawiya na Abu Jahm. Akaenda kutaka shauri. Mtume akamweleza aibu ya kila mmoja kwa uwazi, kisha akamshauri aolewe na Usama bin Zayd. Usama alikuwa mwana wa mtumwa aliyeachwa huru, na mama yake, Umm Ayman, alikuwa Mhabeshi. Fatima hakupendezewa mwanzoni, lakini Mtume alipokariri shauri lake alikubali, na baadaye alisema mwenyewe kwamba Mwenyezi Mungu alitia kheri katika ndoa hiyo hata akaonewa gere.

Na Usama huyu alikuwa na historia yake ya rangi. Yeye alikuwa mweusi sana na baba yake mweupe, na wapo waliokuwa wakisemasema juu ya nasaba yake. Siku moja mtu wa Banu Mudlij, hodari wa kutambua nasaba kwa kutazama viungo, aliwakuta baba na mwana wamelala wamejifunika vichwa na miguu iko nje. Akasema kwamba miguu ile imetokana yenyewe kwa yenyewe. Bibi Aisha (R.A.) anasimulia kuwa Mtume aliingia nyumbani uso ukimng'ara kwa furaha ya habari hiyo. Ajua nani furaha ile, ila aliyepata kuona kipenzi chake akidonolewa na maneno ya watu mwaka hata mwaka? Katika mwaka wa 11 wa Hijra, kijana huyohuyo alipewa uamiri wa jeshi lililokuwa na masahaba wakubwa ndani yake.

Nasaha ya tatu ni ya Abu Dharr (R.A.). Huyu aligombana na mtu, akamtukana kwa mama yake. Na riwaya mashuhuri zasema mtu huyo alikuwa Bilal na tusi lilikuwa la weusi wa mama. Safari hii Mtume hakwenda kwa upole wa ngamia. Alimwambia Abu Dharr waziwazi kwamba ndani yake bado mna ujahili. Bedui alikuwa na shaka, akaelimishwa. Abu Dharr alikuwa na elimu, akakemewa. Na dawa iliingia. Aliyesimulia hadithi hii alimkuta Abu Dharr huko Rabadha, yeye na mtumwa wake wamevaa nguo za namna moja, akashangaa. Na Abu Dharr akamweleza sababu.

Katika mwaka wa 8 wa Hijra, Makka ilipofunguliwa, Bilal alipanda juu ya Al-Kaaba akaadhini. Wafasiri wanasimulia kuwa wapo wakubwa wa Kikureshi walioudhika kumwona mtu mweusi mahali pale, na wengine wanaitaja habari hiyo katika sababu za kuteremka aya ya 13 ya Suratul Hujurat, inayofundisha kwamba mbora wa watu mbele ya Mungu ni yule amchaye zaidi. Na katika aya ya 22 ya Suratur Rum, tofauti za ndimi na rangi zimetajwa pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi, zikahesabiwa kuwa ni ishara. Basi mwenye kuidharau rangi aangalie anadharau kazi ya nani.

VIPI MARADHI YALIRUDI

Utauliza: ikiwa mafundisho ni hayo, yametoka wapi haya tuliyonayo?

Kizazi kilichofuata masahaba kilimjua Ata bin Abi Rabah, mtu mweusi, kiwete, aliyekuwa mufti wa Makka mpaka alipofariki mwaka wa 114 wa Hijra. Lakini dola ilipopanuka, na mali ikaingia, soko la watumwa nalo likakua. Watumwa waliletwa kutoka kwa Waturuki na Waslavu, kutoka Uhabeshi na pwani ya Zanji. Na soko halina adabu ya msikiti. Soko hupanga bidhaa kwa namna na bei. Katika karne ya 11 tabibu wa Baghdad aitwaye Ibn Butlan aliandika risala nzima ya kumfundisha mnunuzi jinsi ya kuchagua mtumwa, akitaja kila taifa na sifa zake na aibu zake, kama mtu anayeeleza farasi. Mweupe aliyetoka mbali aliuzwa ghali, akawekwa ndani. Mweusi aliuzwa rahisi, akapelekwa shambani. Watoto walikua wakiona hayo kila siku, wakadhani bei ni uzuri.

Tena watu wakatafuta dini ya kuitia muhuri bei hiyo. Ikaenea hadithi kwamba weusi ni laana iliyompata Ham mwana wa Nabii Nuh na kizazi chake. Hadithi hiyo haimo katika Qurani. Na wanavyuoni hawakunyamaza. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 868 au mwanzoni mwa 869, aliandika risala ya kutaja fahari za watu weusi juu ya weupe, akasema kuwa weusi ni athari ya nchi na wala si adhabu. Mwaka huohuo wa 869 Wazanji waliokuwa wakifanyishwa kazi katika mashamba ya chumvichumvi kusini ya Iraki waliasi, na vita vyao vikaendelea mpaka 883. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, aliikataa hadithi ya Ham na kusema rangi ni kwa sababu ya joto la nchi; ingawa, tuseme kweli, katika kitabu kichohicho aliandika juu ya watu weusi maneno yasiyopendeza. Na Ahmad Baba wa Timbuktu, katika fatwa aliyoiandika kama mwaka 1615, alieleza kwamba sababu ya utumwa katika Sharia ni ukafiri uliotekwa vitani, na kwamba weusi wa ngozi haumfanyi mtu yeyote kuwa mtumwa.

Kwa hiyo kauli ya elimu ilikuwapo tangu zamani. Iliyoishinda ni kauli ya soko.

PWANI YETU

Sasa tuje kwetu. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kufa Ujerumani mwaka 1924, aliacha kitabu cha maisha yake kilichochapwa mwaka 1886. Mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi, mweupe, aliyeletwa kutoka mbali. Anaeleza jinsi masuria wa Kicherkesi, walionunuliwa kwa bei kubwa, walivyojiona bora kuliko wenzao wa Kihabeshi. Na jinsi ndugu wenye mama wa Kihabeshi walivyowachukia wale weupe, wakiwaita paka kwa sababu baadhi yao walikuwa na macho ya buluu. Baba alikuwa mmoja, Sayyid Said. Kwa Sharia wote walikuwa waungwana, na wote walirithi. Sayyid Majid, aliyetawala kuanzia 1856, mama yake alikuwa Mcherkesi. Sayyid Barghash, aliyemfuata mwaka 1870, mama yake alikuwa Mhabeshi. Sharia iliwaweka sawa, lakini sebule ikawagawa kwa bei ya mama zao. Na angalia kuwa uchungu ulikwenda pande zote mbili: mweusi alidharauliwa, na mweupe akachukiwa.

Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa katika jumba la mfalme, je, katika nyumba za mtaani? Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba ilitoka mwaka 1897, lakini masuria hawakuingizwa humo mpaka mwaka 1909. Pwani ya Kenya ilikuwa 1907, na Tanganyika 1922. Tazama basi: bibi aliyezaliwa mwaka 1909 alifika kuwalea wajukuu ambao leo ni watu wazima. Maneno ya nyumba ya watumwa hayakuwa na safari ndefu kutufikia. Mtu akitaka kumtukana mwenzake alimwita mshenzi, na akitaka kumsifu alimwita mstaarabu, na neno hilo lenyewe limetokana na Uarabu.

Kisha wakaja wakoloni wakaandika kwa wino lililokuwa likisemwa kwa mdomo. Sheria zao ziligawa watu kuwa wenyeji na wasio wenyeji, na kodi, mahakama na shule vikafuata mgawo huo. Wakati wa Vita Kuu vya Pili hata mgao wa chakula Unguja ulipangwa kwa taifa la mtu. Ndipo familia zikahangaika kutafuta nasaba za kuwaingiza katika daftari lenye faida. Rangi ikawa ushahidi. Mtoto mweupe akawa hati ya ukoo, na mtoto mweusi akawa swali. Siasa za miaka ya 1950 ziliuchochea moto huo, na damu iliyomwagika Unguja Januari 1964 ni jambo ambalo nyumba nyingi bado zinaliomboleza.

Lakini pwani yetu ina na historia nyingine. Huko Lamu alikuwako Sayyid Saleh bin Alawi Jamal al-Layl, Habib Saleh, aliyetoka Ngazija. Aliwafundisha dini watoto wa watumwa na wageni, watu ambao baadhi ya wakubwa wa mji hawakupenda wakae nao darasa moja. Alilaumiwa, akavumilia. Msikiti wa Riyadha na darasa zake vikawa mahali ambapo watu huja kutoka pande zote za pwani kwa ajili ya Maulidi mpaka hii leo. Huyo hakuandika risala juu ya rangi. Alitandika jamvi, akawaketisha watu.

WALIYOYAONA WACHUNGUZI

Si sisi peke yetu. Huko Marekani watoto waliozaliwa na mabwana wenye mashamba kwa wajakazi wao walikuwa weupe kuliko wenzao, na mara nyingi hao ndio waliotiwa kazi za nyumbani na kufunzwa kusoma. Utumwa ulipokwisha mwaka 1865 daraja hizo hazikwisha. Yalikuwako makanisa na vyama vya watu weusi vilivyompokea mtu kwa kutazama weupe wake. Wataalamu wawili wa elimu ya nafsi, mume na mke, Kenneth na Mamie Clark, wao wenyewe watu weusi, waliwaonyesha watoto weusi 253 wa miaka 3 mpaka 7 wanasesere wa namna moja, wengine weupe na wengine wa kahawia. Kiasi cha thuluthi mbili walimtaka mweupe kuchezea, na zaidi ya nusu walisema wa kahawia ndiye mbaya. Walipoulizwa ni yupi anayefanana na wao, wapo waliolia na wakakimbia. Habari hizo zilichapwa mwaka 1947, na kazi yao ikatajwa katika hukumu ya Mahakama Kuu ya nchi hiyo ya mwaka 1954 iliyokataza kutenga watoto mashuleni kwa rangi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwandishi Alice Walker akalipa jina lake lile la ndani, la watu wa taifa moja kupendeleana kwa weupe.

Funzo kwetu ni moja. Mtoto wa miaka mitatu hajasoma historia, lakini ameshajua bei. Basi asiseme mzazi kwamba mtoto haelewi yanayosemwa barazani.

Tena kuna dalili kwamba linalopendwa si weupe wenyewe. Ndugu zetu wenye ualbino ni weupe kuliko sisi sote, na badala ya kupendwa wamekimbiwa na kucheka­wa. Na nchini Tanzania, katika miaka ya 2000, wengi waliuawa kwa ajili ya ushirikina. Lau weupe ungekuwa ni uzuri kwa dhati yake, wao wangetangulia. Kinachotafutwa ni alama ya ukubwa, ya kutoonekana mtu wa shamba.

MKOROGO

Na alama hii inanunuliwa kwa afya. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 60 wa maradhi ya figo ya kuvimba mwili. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia dawa za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki huingia kupitia ngozi, huharibu figo, na kwa mwanamke mja mzito humfikia mtoto tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuacha mabaka ya rangi ya samawati na nyeusi yasiyotoka. Dawa zenye steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi ya kitunguu. Serikali za Kenya na Tanzania zimezipiga marufuku nyingi kati ya dawa hizi, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umekataza vipodozi vyenye zebaki. Hata hivyo mkorogo wauzwa vichochoroni, na wanaojichubua hawapungukiwi na wauzaji.

Sharia inatukataza kujidhuru, na hilo halina mjadala. Lakini, msomaji, kabla hujamlaumu msichana mwenye kopo la mkorogo, jiulize ni nani aliyemwambia kwamba hatoshi. Aghalabu si adui aliyemwambia. Ni mama, shangazi au ndugu.

YAMPASAYO MWENYE KUTOA NASAHA

Jambo la rangi halibishi hodi kwa jina lake. Huja limevaa nguo za jambo jingine. Mume asema mkewe hamheshimu. Mke asema mawifi wanamsengenya. Kijana ameacha kwenda chuoni. Msichana hataki kuhudhuria harusi. Ndugu wawili hawasemezani tangu urithi ulipogawanywa. Mwenye kunasihi atasikia hayo, na asipouliza hataambiwa kwamba mawifi walimwita makaa, au kwamba mmoja alikuwa "Mwarabu wa mama" na mwingine mtumishi wa jikoni. Kwa hiyo twapendekeza haya.

La kwanza, uliza, na uulize kwa upole kama alivyoulizwa bedui. Nani katika nyumba yenu akisifiwa sura? Wewe ukiitwaje ulipokuwa mdogo? Nani alitumwa dukani juani, na nani aliambiwa akae ndani asiungue? Maswali hayo ni mepesi, na majibu yake huwa mazito.

La pili, usilikane. Ukimwambia mtu kwamba rangi si kitu na jambo hili halipo, ilhali yeye ameishi nalo miaka 20, utakuwa umemwambia kuwa ni mwongo. Mwambie kuwa lipo, kwamba limeanza zamani, na mweleze lilivyoanza. Mtu akijua kwamba lile alilodhani ni aibu ya uso wake ni bei ya soko lililofungwa mwaka 1873, mzigo huanza kupungua.

La tatu, usimfariji kwa sumu. Kuna sifa zetu za kawaida: mweusi lakini ana sura, mweusi lakini ana nywele. Neno "lakini" hapo ndilo linaloua. Sifu bila ya kulitia.

La nne, usimsahau mweupe. Huyo naye ameambiwa kuwa thamani yake ni ngozi, akaonewa wivu na ndugu zake, na huenda ameozwa haraka kama bidhaa isiyotakiwa kuharibika. Habari za paka katika jumba la Sayyid Said zatukumbusha hilo.

La tano, katika posa simama kwenye Sharia. Madhehebu yetu ya Shafii, katika kauli zinazotegemewa, yanapotaja mambo ya kufu yanataja nasaba, dini, uungwana, kazi na kusalimika na aibu fulani za mwili. Weusi si aibu katika hizo. Mzee akisema huyu si kufu yetu na makusudio yake ni rangi, mwambie wazi kwamba analisemea soko wala hamsemei Imamu Shafii. Kwa watu wenye elimu wanaorudia tusi, tumia ukali wa Abu Dharr, wao wanajua.

La sita, anayetumia mkorogo usimwanze kwa kumtisha moto. Mwulize anapaka nini na tangu lini, umpeleke kwa daktari wa ngozi. Aliyezoea dawa kali za steroidi asiziache ghafla bila ya daktari, kwani hilo nalo lina madhara. Na kama ni mja mzito au ananyonyesha, asingoje kesho.

La saba, na ndilo gumu, jipime mwenyewe. Mwalimu anayemchagua mtoto mweupe kusoma kasida mbele ya wageni, somo anayemsifu bibi harusi kwa kuwa ameng'ara, shehe anayecheka mzaha wa barazani juu ya mtu mweusi tii, hao wote wametoa nasaha kabla ya kuulizwa. Na nasaha yao imesikika.

Mzazi, mwanao akizaliwa muadhinie sikioni, na masikio yake yaache yasikie adhana kabla ya kusikia hukumu. Akikua mweusi, mwite kwa jina lake. Akikua mweupe, mwite kwa jina lake. Akiuliza kwa nini hafanani na nduguye, usimzuge wala usimcheke. Mhadithie habari za yule bedui na ngamia wake, na mtafute pamoja katika ukoo wenu ni babu au bibi gani aliyeuvuta mshipa, mmtaje kwa kheri na kumwombea rehema.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azisafishe ndimi zetu na nyumba zetu, na awajaalie watoto wetu wasirithi kutoka kwetu yale ambayo Mtume wetu alikuja kuyaondoa. Amin.

Wabillahi tawfiq.